Nani Alizima Mashine ya Baridi

Adhiambo binti yangu,

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu unayekaa naye nyumba moja. Wewe umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mama yako yuko nyuma anaanua nguo zako, na mimi nimeketi mezani, mlango nimeutia komeo mchana kweupe kama mtu anayejificha. Ukiwa mbele yangu haya siwezi kuyasema. Nilijaribu Jumapili. Nikajaribu tena jana tulipokuwa tunalifunga sanduku lako kwa kamba, nikaishia kukuuliza kama umebeba sabuni.

Habari ya sabuni sitaiandika hapa, wala ya maji ya kuchemsha, wala ya jinsi mwalimu mpya anavyotakiwa kumsalimu hedimasta. Mama yako ameyasema yote hayo, mengine mara tatu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi ni Mjaluo wa Kosele, mama yako ni Mkuria, na tangu siku ya kwanza tumegombana na kupatana kwa Kiswahili hiki cha katikati. Jambo ninalotaka kukueleza nalo lilisemwa kwa Kiswahili, kila neno lake.

Kesho unakwenda Suna na utakaa kwa mjomba wako Mwita. Unamkumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu alipoondoka hapa Homa Bay, na ulisimama kando ya barabara ukimtazama akifunga godoro lake kwenye baiskeli. Uliniuliza mjomba anakwenda wapi na mbona hatuagi. Nilikujibu kwamba mjomba wako ni mwizi. Neno hilo nilikupa mimi, na najua umelibeba miaka sita, kwa sababu barua yake ya kukukaribisha ilipofika, ulinitazama mimi usoni kabla ya kufurahi.

Hakuiba kitu. Nataka ulisome hilo hapa juu kabla ya mengine, ili hata kama utaikunja barua hii njiani na kukataa kuendelea, uwe umeshalipata.

Sasa nikueleze lilivyokuwa.

Mwita nilikutana naye Lambwe, kabla hujazaliwa, tulipoajiriwa kufyeka vichaka vya mbung'o. Tulipangwa pamoja, shoka moja kwa watu wawili. Yeye hakujua Kijaluo, mimi sikujua Kikuria, tukawa tunasema Kiswahili kibovu ambacho kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayekiharibu. Nilipougua homa alinibeba mgongoni mpaka kwenye hema la dresa, yule mgawa dawa. Ndiye aliyenipeleka kwao, na huko nikamwona mama yako. Kwa hiyo ukitafuta nani alikuleta duniani, baada ya Mungu na sisi wawili, ni yeye.

Lakini wewe unanijua. Mimi ni mtu wa shaka. Umeniona nikinusa maziwa yaliyokamuliwa mbele yangu. Umeniona nikishuka kwenye basi kutazama kama mzigo wangu bado uko juu. Nililelewa na mama wa kambo ambaye kila siku alionja chakula changu mbele yangu, asije mtu akasema ameniwekea kitu. Alifanya hivyo kwa wema. Mimi nilichojifunza ni kwamba chakula kinaweza kuwekwa kitu.

Chumba cha baridi unakikumbuka, kile karibu na gati, chenye kuta nene zilizojazwa unga wa mbao. Kilikuwa cha chama cha wauza samaki, na mimi nilikuwa mwangalizi wa mashine. Jenereta ilitoa umeme, umeme ukazungusha mota, mota ikasukuma gesi ndani ya mabomba, na mabomba yakalitoa joto la mle ndani na kulitupa nje. Watu walidhani tunatengeneza baridi. Tulikuwa tunahamisha joto tu. Ukisimama nyuma ya jengo ulisikia upepo wa moto, nao ulikuwa ule ule uliotoka kwenye samaki.

Ukutani kulikuwa na kijisanduku wanachokiita themostati. Kazi yake ni kuamua. Kina mrija wa shaba mwembamba kama unyasi, na mwisho wa mrija huo kuna kichwa kidogo, kinene kama kidole cha mtoto. Kichwa hicho ndicho kinachosikia joto. Chumba kikipoa vya kutosha, themostati hukata umeme na mota hunyamaza. Joto likipanda, huiwasha tena. Nilimweleza kila mgeni habari hizo kwa fahari, na kumbe nilijua nusu tu.

Mwita nilimtafutia kazi hapo mimi mwenyewe, ya mlinzi. Tuliishi vizuri. Alikula kwetu, akakufundisha kuhesabu kwa Kikuria, na mama yako alikuwa mtu wa kucheka siku hizo.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, wakati ziwa lilipopanda na kufika mpaka kwenye milango ya maduka ya chini, mota ilikataa kuwaka. Fundi wa Kisumu aliambiwa kwa simu, akasema themostati imekufa, atatuma nyingine kwa basi, na yeye mwenyewe atafuata baada ya wiki moja kwa sababu barabara imekatika mahali pengi. Ndani kulikuwa na samaki, ngege tele. Meneja alishika kichwa. Mimi nikamwambia hakuna haja ya kumngoja fundi, nimemtazama akifanya kazi mara mbili, nitaifunga mwenyewe.

Themostati ilifika ikiwa imefungwa kwenye karatasi yenye picha na maneno ya Kiingereza. Picha niliitazama. Maneno sikuyasoma. Meneja alikuwa amesimama pale, na sikutaka anione nikisoma polepole kwa kidole. Nilizima jenereta, nikafungua nyaya za zamani bila kuzitia alama, na nilipoinua macho nikaona ile mpya ina skrubu tatu mahali ambapo ya zamani ilikuwa na mbili. Jasho lilinitoka ndani ya chumba cha baridi. Nilibahatisha, na bahati ikawa upande wangu.

Kubahatisha nyaya hakukuleta madhara. Madhara yalitoka kwenye kile kichwa cha shaba. Cha zamani kilikuwa kimeshikwa na kibanio ukutani, mahali upepo wa chumba kizima ulipopitia. Kibanio kilikuwa na kutu, kikavunjika mkononi mwangu. Kwa hiyo kichwa kipya nilikichomeka katikati ya mabomba yenyewe, pale penye barafu, nikidhani kitu cha baridi kinapenda mahali pa baridi.

Mwita ndiye aliyenishikia tochi. Aliuliza, "Shemeji, cha zamani hakikuwa pale ukutani?"

Nilimwambia ashike tochi vizuri.

Jenereta ilipowashwa, mota ikanguruma. Meneja akanipa mkono mbele ya wachuuzi. Nilikuja nyumbani siku hiyo nikiwa mrefu. Labda unakumbuka nilikununulia mkate.

Baada ya siku nne samaki wakaanza kulegea. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo halirudi. Nilipofika asubuhi nilikuta mota iko kimya na chumba kina uvuguvugu. Leo mtoto yeyote utakayemfundisha wiki moja angeelewa. Kichwa kilikuwa kimekaa ndani ya barafu, kwa hiyo kilijua barafu tu. Mota ikiwaka kidogo, mabomba yanapoa, kichwa kinasema baridi imetosha, mota inazimwa. Samaki waliokuwa hatua tatu kutoka hapo hawakuulizwa.

Mimi sikuifikiria themostati hata mara moja. Niliifunga mimi, na nilipewa mkono. Nilijiuliza swali moja tu: nani anaizima mashine?

Ukishauliza nani, Adhiambo, lazima utapata mtu. Mtu aliyebaki pale sisi tukienda nyumbani alikuwa mmoja. Nikaanza kumtazama. Alipochelewa kula nilijiuliza amekula wapi. Alipowahi nilijiuliza mbona ana njaa. Nilipima dizeli kwa kijiti, nikakuta imebaki nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa mota ilikuwa inalala muda mrefu. Mtu mwenye akili yake angesema hakuna aliyeiba. Mimi nilisema anazima mashine ili dizeli ibaki, kisha aichukue yote siku moja. Ingekuwa imepungua ningesema ameshaichukua. Hakuna kiasi cha dizeli ambacho kingemwokoa yule mtu.

Nilimwaga majivu sakafuni karibu na swichi. Asubuhi nikakuta nyayo zake. Nikafurahi. Naandika neno hilo kama lilivyokuwa. Kabla sijakasirika, nilifurahi.

Nilimuuliza alifuata nini pale. Alisema alisikia mota imenyamaza akaenda kutazama, akakuta swichi haijaguswa. "Inajizima yenyewe, shemeji," alisema. Nilimtazama nikaona mtu anayejifanya mjinga. Nikakumbuka maneno yote mabaya ambayo watu wa kwetu husema juu ya Wakuria, maneno ambayo miaka yote nilimkataza kila mtu kuyatamka mbele ya mama yako. Kumbe nilikuwa nimeyahifadhi tu.

Wiki hiyo shehena nzima iliyokuwa iende kwenye hospitali ya misheni ilioza. Tulichimba shimo tukazika ngege kwa koleo, na wanawake waliowaleta na kuwaparua wakasimama wakitazama, mmoja wao analia bila sauti. Meneja akauliza mbele yetu sote ni nani. Hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa akiuliza tu kama mtu aliyechoka. Ningeweza kusema sijui.

Nilisema, "Mlinzi anazima mashine. Nimeona nyayo zake."

Mwita hakupiga kelele. Alinitazama, kisha akatazama juu ya bega langu, ndani ya chumba, kwenye mabomba. Nilidhani anatafuta pa kukimbilia. Walimchukua polisi, akakaa rumande siku mbili, kisha wakamwachia kwa kuwa hapakuwa na dizeli iliyopatikana popote. Kazi alikuwa ameshafukuzwa. Ndiyo siku uliyomwona na baiskeli.

Sasa sehemu iliyo mbaya zaidi. Najua ulidhani imeshapita.

Mlinzi mwingine aliletwa. Mota ikaendelea kunyamaza. Samaki wakaendelea kulegea. Siku ya kwanza nilisema mlinzi mpya ni rafiki wa Mwita. Siku ya pili nikasema Mwita anarudi kwa siri. Niliyasema hayo kimoyomoyo, na nikayaamini, nikaenda mpaka stendi kuuliza kama kuna aliyemwona. Hata Sabato ya pili ilipofika, meneja na wengine wote wakiwa kanisani, nilijifungia mle ndani. Niliitoa ile karatasi mfukoni, nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Ilinichukua muda mrefu. Ilisema kichwa kisiguse mabomba. Ilisema hivyo kwa herufi nzito.

Nilitengeneza kibanio kwa waya wa baiskeli, nikakirudisha kichwa ukutani. Kisha nikakaa juu ya kreti tupu na kusikiliza. Mota ilinguruma, ikanguruma, ikanguruma, mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, ndipo ikanyamaza kama inavyotakiwa. Tangu siku ile hakuna samaki aliyeoza.

Jumatatu meneja alisema mbele ya watu kwamba, unaona, mwizi akiondoka mambo hunyooka. Nikanyamaza. Wiki iliyofuata fundi wa Kisumu, aliyecheleweshwa na barabara, akafika, akatazama kazi yangu, akasema nzuri. Nikanyamaza tena. Kila siku niliyonyamaza iliifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi kusema, mpaka ikawa kama ukuta niliojenga mimi mwenyewe na sikumbuki mlango niliuacha wapi.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Alikuwa na mimba ya Otieno, miezi saba. Alikuwa anapepeta wimbi, hakuinua macho. Akasema, "Baba Adhiambo, nitakuuliza leo na sitakuuliza tena. Ndugu yangu aliizima ile mashine?"

Nilikuwa nimeshakirudisha kile kichwa ukutani. Nilikuwa najua.

Nikasema, "Aliizima."

Akaendelea kupepeta. Kwao walituma neno kwamba hawataki kumwona mume aliyemtia shemeji yake rumande, na mama yako ajue moyo wake uko wapi. Akachagua kuniamini. Mama yake alipougua hakwenda. Miaka sita hajakanyaga kwao, na sababu yake ni neno langu hilo moja. Umewahi kuniuliza mbona mama haimbi akisaga. Nilikwambia ni umri.

Barua ya Mwita ilipokuja mwezi uliopita, ikisema amesikia umepangiwa shule ya Suna na nyumba yake iko dakika kumi kwa miguu, sikulala vizuri. Niliishika mbele ya dirisha nitazame kama kuna karatasi ya pili ndani. Niliwaza anataka kukuweka kwake aniaibishe. Niliwaza anataka kukuoza kwa jirani yake mwenye ng'ombe. Niliwaza amepata kwa mtu habari ya themostati. Niliwaza kila kitu isipokuwa kwamba mjomba anamtaka mtoto wa dada yake. Ndiyo sababu nilisema nakwenda Migori kutafuta mbegu. Hapakuwa na mbegu yoyote niliyokwenda kutafuta.

Nilimkuta huko Suna kwenye kinu chake cha kusaga. Ana mvi, na unga ulimfanya aonekane mzee zaidi. Hakuonyesha kushangaa. Alizima injini, akanawa mikono, akanipeleka nyumbani kwake, mkewe akaleta uji. Nilipewa kiti kilichoelekea mlangoni nikajiuliza kwa nini. Mkewe alipotoka nikasikiliza anakwenda kumwita nani. Hakumwita mtu. Alikwenda kukamata kuku.

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu basi lilipopita Rongo. Yote yalinipotea. Nikaanza kueleza habari ya mvua. Mwita alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa na mvua.

Kisha akasema, "Shemeji, kile kichwa cha shaba, ulichukua siku ngapi kukirudisha ukutani?"

Ningeweza kusema kichwa kipi. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake.

Nikasema, "Kumi na moja. Tangu ulipoondoka."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema yeye alikisia ishirini. Alisema alielewa siku ile ile, mbele ya shimo la samaki, alipoyatazama mabomba.

Nilimuuliza mbona hakusema. Akanijibu kwamba alisema, aliniambia mimi, akiwa ameshika tochi. Nikamuuliza mbona hakumwambia meneja. Hapo akaangalia mlangoni, ambako mkewe alikuwa anamnyonyoa kuku.

"Mmoja wetu alikuwa lazima afukuzwe," alisema. "Mimi sikuwa na mke. Wewe ulikuwa na dada yangu, na alikuwa na mimba."

Nilikula kuku yule, Adhiambo. Sijui nilimezaje.

Tulipomaliza alinieleza kwa nini anakutaka. Ana watoto wanne na hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuwa mwalimu. Anataka wakuone asubuhi ukitoka na vitabu. Ni hilo tu. Kisha akaniwekea sharti, na akaliweka bila hasira. Nikwambie mimi kabla hujafika. Nikikwambia, yeye hatalitamka neno hilo mpaka afe. Nisipokwambia, atakueleza mwenyewe siku ya kwanza, kwa sababu hawezi kukaa nyumba moja na mtoto anayemtazama mikononi.

Kwa hiyo usidhani barua hii imetoka kwenye wema wangu. Imetoka kwenye sharti lake. Kama asingeliweka, labda ningekuuliza tena habari ya sabuni.

Na bado sijapona. Kwenye basi la kurudi, kabla hatujafika Rongo, nilikuwa nimeshaanza kujiuliza anapata faida gani kwa kunyamaza miaka sita. Mtu hanyamazi bure, niliwaza. Nikaigeuza ile huruma yake huku na huku nikitafuta mahali ilipofichwa ndoano. Nimekwambia hili ujue unamwacha nani nyumbani. Sitakudanganya kwamba watu wote ni wema. Utakutana na wabaya, na macho makali yatakufaa. Lakini ukiingia kwa mjomba wako, usiingie na macho yangu. Akikupa kiti, kaa. Akichelewa kurudi, amechelewa tu.

Siku hizi kitu kikiharibika, naanza kwa kutazama nilichokigusa mimi. Si tabia njema, ni woga. Nikipoteza kisu napekua mifuko yangu mara mbili kabla ya kumwita Otieno. Mara nyingi kimo mfukoni. Na huko darasani, chaki ikipotea, au mtoto akifika na jibu lililo sawa sawa na la mwenzake, utasikia swali la nani likikujia haraka kuliko yote. Mimi lilinijia nikalishika, kwa kuwa lilinipumzisha. Kutazama upya kazi ya mkono wangu kungenichukua dakika tano tu na tochi.

Nimeacha kuandika nikatoa komeo. Mama yako alikuwa amemaliza kuanua, amekaa kwenye mkeka anakunja blauzi zako. Unajua hasomi. Niliona siwezi kukupa wewe karatasi hizi na yeye nikamwacha na lile neno langu, uende Suna ukijua jambo ambalo dada wa Mwita halijui. Nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea, tangu jina lako pale juu.

Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mabomba aliendelea kukunja. Nilipofika kwenye majivu aliendelea kukunja. Nilipomaliza akaiweka blauzi chini.

Akasema, "Rudia pale nilipokuuliza."

Nikarudia. Maneno yake, kisha langu. Akaniambia nisome mara ya tatu, nikasoma.

Nilingoja aseme. Nilimtazama mikononi, usoni, kila mahali, kama nilivyozoea kutazama watu nikitafuta wanachoficha, na hapakuwa na kitu kilichofichwa. Alinyanyuka akaingia chumbani. Nilisikia sanduku la chini ya kitanda likivutwa. Akatoka na khanga zake mbili, gauni la kanisani, na kaptura za Otieno, na sweta lake, na viatu vyake vya Sabato. Akavipanga juu ya shuka, akaanza kufunga bulungutu.

Alisema kesho mtapanda basi pamoja, ninyi watatu.

Fundo lilikuwa linamshinda, shuka ni nene. Nilipiga magoti nikashika ncha moja, yeye akakaza nyingine. Sikumuuliza atarudi lini.

Msalimie mjomba wako. Ukimwamkia, mwite mjomba kwa sauti, watu wa kinuni wasikie.

Mimi baba yako.